Mgongo wa Mama Mkwe

Niliyemchora ni mama mkwe wangu, ameinama, mgongo kaupa dunia nzima. Nalisema mapema ili baadaye msije mkasema Mabula katuficha. Kwa ajili ya mgongo huo mke wangu, Generosa, alifunga begi akarudi kwao Runzewe, mimi nikabaki Katoro nakula chipsi asubuhi na jioni kama mhuni. Na sisi Wasukuma, kwa asiyejua, mama mkwe hatumtazami usoni. Hatukai naye chumba kimoja, hatumpi mkono, jina lake hatulitaji. Akitokea mbele yako njiani, kama una adabu unaacha njia apite. Sasa mimi nimemwanika kando ya barabara siku ya mnada.

Kazi yangu ni mabango. Saluni, gesti, duka la dawa, jogoo kwenye mlango wa banda la supu, hayo yote ukiyaona Katoro ujue mkono wangu umepita. Nina hasira za karibu, sikatai, na kilichokuwa kinanichemsha zaidi ni kuitwa fundi rangi. Fundi rangi! Mimi na yule anayepaka chokaa ukuta wa choo tunaitwa jina moja. Nikasikia kuna mzee Shinyanga mjini, Mwalimu Donatus, amestaafu kufundisha sanaa, anafundisha rangi ya mafuta nyumbani kwake. Nikajisemea, rangi ya mafuta si naijua? Ile ya makopo, ya milango na mageti. Nikafunga safari na kopo langu la bluu chini ya kwapa.

Mzee aliliona lile kopo akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akanitolea tyubu zake, ndogo kama za dawa ya meno, na chupa ya mafuta ya mbegu za kitani.

"Hii haikauki leo wala kesho," akasema. "Unapaka tabaka, unasubiri. Unapaka jingine, unasubiri. Naona wewe ni mtu wa haraka. Itakutesa."

"Nitaiweza, mwalimu."

"Tutaona."

Akafungua bahasha akatoa ukurasa wa kitabu uliochakaa kwenye mikunjo. Picha ya Ulaya, ya zamani sana. Shamba limeshavunwa, jua la mchana, wanawake watatu wanaokota masuke yaliyosahauliwa na wavunaji. Wawili wameinama kabisa, wa tatu kajiinua nusu. Kwa mbali nyuma yao kuna malundo ya mavuno ya mwenye shamba. Niliitazama picha ile nikasahau kuwa nimesimama. Migongo yao nilikuwa naijua. Nimekua nayo.

"Kila mwanafunzi wangu anaanza na hii," mzee akasema. "Lakini usiniletee Wazungu. Shamba lako, jua lako, wanawake wako. Nataka watatu, na nataka mmoja wao awe ameinama kweli, si kujifanya. Ukiniletea mgongo wa mtu anayeokota kweli, sikuiti fundi rangi tena. Nitakuita mchoraji mbele ya watu."

Bwana, neno hilo lilinilewesha. Nilirudi Katoro na tyubu sita na chupa moja ya mafuta, usingizi siupati.

Shamba nililipata siku ya pili. Nje ya mji kuna mahali malori yanamwaga mawe ya mabaki, yale ambayo dhahabu yake imeshachukuliwa ikabaki chembe za kubahatisha. Wenyewe tunayaita magwangala. Wanawake wanapanda pale na karai na nyundo, wanachagua jiwe moja moja, wakijaza mfuko wanapeleka kusagisha. Nikatazama nikaona ni ile ile picha ya mwalimu. Masuke tu ndiyo yamegeuka mawe.

Nikamwendea mmoja ninayemfahamu, Suzana, jirani yangu, yuko na mwenzake Loveness. Nikawaeleza.

"Ngoja kwanza," Suzana akasema, karai kiunoni. "Unataka tuiname, wewe ukae nyuma utuchore?"

"Migongo tu."

"Na huo mgongo kwenu unaishia wapi, shemeji?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, tukakubaliana kwa soda na maandazi. Nikageuza ndoo yangu nikaikalia, fremu ya turubai nikaiegemeza kwenye mawe, nikaanza. Siku mbili nilihangaika nao. Wakiinama wanacheka. Wakiacha kucheka wanajipanga kama wanapigwa picha ya harusi. Loveness alikuja siku ya pili amejipaka mafuta na kuvaa hereni! Niliwakaripia, wakaniambia niende nikachore kuku wangu.

Na wa tatu sikuwa naye. Alikuwepo mama mmoja aliyefanya kazi peke yake upande wa pili, kavaa koti refu la kiume la kijivu, kilemba kakishusha mpaka kwenye nyusi. Suzana alisema wanamwita Mama Koti. Haongei na mtu zaidi ya salamu, hali na wenzake, akimaliza anaondoka.

Siku ya tatu Mama Koti alifuata mawe mapya yaliyomwagwa, akaja mpaka karibu na nilipokaa. Nikafurahi, nikaandaa brashi. Akageuka kutupa jiwe kwenye karai. Nikaona mguu wake wa kushoto umetazama nje, na mkono wa kushoto ameukandamiza kiunoni kwa nyuma, pale mgongo unapouma.

Nikaishusha brashi. Miaka saba nimemsalimia mama yule macho yakiwa chini. Uso wake mkiniambia niuchore sasa hivi siwezi. Lakini miguu yake naijua kuliko ya kwangu.

Mama mkwe wangu, watu wote Runzewe walijua yuko Kalangalala, Geita mjini, kwa dada yake, anauza dagaa. Alipofiwa na mumewe, shemeji yake, mzee Magesa, alimwambia akae nyumbani atamlisha. Akakataa, akasema ana mikono. Kila mwezi Generosa alikuwa anampigia simu, mama, dagaa wanatoka? Wanatoka, mwanangu, namshukuru Mungu. Na kumbe dagaa wenyewe ni haya mawe, na koti ni la marehemu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilijua la kufanya. Hata mtoto wa kwetu analijua: unasimama, unakusanya vitu vyako, unapita mbali, na hukuona kitu. Unamsitiri mzazi wako. Na nilisimama. Haki ya Mungu nilisimama, ndoo mkononi. Lakini nikatupa jicho kwenye turubai, nikawaona Suzana na Loveness wamekaa vizuri kwa mara ya kwanza, jua liko pale pale ninapolitaka, mawingu ya mvua yameanza kujikusanya upande wa Geita. Nikajua nikiondoka leo sirudi tena hapa, na picha imekufa. Nikaanza kujidanganya. Nikasema, kosa ni kumtazama usoni, basi nisimtazame usoni. Nikazunguka na turubai langu, nikaenda nyuma yake, nikaiweka ndoo chini nikaikalia. Kwa heshima, ati!

Na hapo ndipo mama akainama. Si kule kuinama kwa mwanzo, kwa kuchagua. Aliinama akashuka, kichwa karibu kiguse mawe, mgongo ukajikunja mviringo, mkono ule ule kiunoni, akatulia. Ni ule ukurasa wa mwalimu kabisa, na zaidi ya ukurasa. Nilipaka kama mtu aliyepandwa na mashetani. Nikamaliza koti, nikamaliza shingo, nikamaliza ule mguu, na yeye bado ameinama. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanamke anayejua kutulia. Nasema hivi na aibu inanichoma, lakini ndivyo ilivyokuwa, nilishukuru.

Nyumbani sikumwambia Generosa. Niliificha picha kibandani kwangu, nikawa naongeza tabaka kila nikipata nafasi. Mafuta ya mwalimu yakaisha kabla sijapaka anga. Ningefunga safari ya Shinyanga, lakini haraka yangu mnaijua. Nikaenda dukani nikanunua mafuta ya pamba, yale ya kupikia, nikachanganyia, nikapaka anga na tabaka la mwisho la koti. Yaling'aa vizuri ajabu! Wiki moja, haijakauka. Wiki mbili, unagusa inakufuata kidoleni. Nikampigia mwalimu.

"Umetia mafuta ya kukaangia?" akanifokea. "Wewe unachora au unapika sambusa? Itoe kwenye jua na hewa, uombe Mungu."

Ndiyo maana nikaitoa nje. Sikuitoa kwa kujionyesha, ingawa nani ataniamini. Niliiegemeza kwenye nguzo ya kibanda, jua la saa sita, nikasahau kabisa kuwa ni siku ya mnada na nusu ya mkoa inapita pale.

Watu wakajaa. Bodaboda wakazima pikipiki. Mzee mmoja mfuga ng'ombe akaweka fimbo chini akasema, "Hawa wanachoka kweli." Mimi kifua hiki, kimejaa, najifanya nasafisha brashi. Halafu muuza mitumba mmoja mwanamke, anayetembea minada yote ya huku, akasogeza uso karibu na picha.

"Jamani, huyu si mama wa pale Runzewe? Mkwe wa huyu huyu fundi? Si ule mguu wake!"

Nilitaka kuivuta picha ndani lakini watu walikuwa wamenizingira, na katikati yao Generosa alikuwa ameshafika na hotpoti la chakula changu cha mchana. Alitazama. Mke wangu ana mdomo, siku nyingine kwa kosa la chumvi tu mtaa mzima unasikia. Siku ile hakupaza sauti.

"Mabula, huyu ni mama."

"Nani?"

"Mama yangu."

"Sikujua," nikasema. Lilitoka lenyewe, upesi, hata sikulitafuta.

Akaliweka hotpoti chini, mavumbini. "Kwa hiyo Kalangalala hayupo," akasema, na nikaona amelijua hilo pale pale, mbele ya bodaboda na wauza mitumba. Akageuka akaenda zake. Niliporudi nyumbani begi halikuwepo, na kitandani shuka limetandikwa vizuri.

Wiki tatu simu yangu hakupokea. Wiki ya nne ikaja simu ya mzee Magesa. Njoo na hiyo picha, akasema, njoo na mbuzi, na mtu wa kukusemea. Mama mkwe walikuwa wameshamfuata na kumrudisha nyumbani. Nikamwomba Mwalimu Donatus anisindikize, akakubali akinung'unika njia nzima. Tulikodi pikapu. Nyuma tuliweka mbuzi na picha, na kwa kuwa picha ilikuwa bado mbichi, mbuzi alijisugua nayo. Tulifika Runzewe anga langu limeota manyoya.

Wazee watano walikuwa uani kwenye viti vya plastiki. Generosa alikaa kwenye mkeka pembeni, hakunitazama. Mlangoni palikuwa na pazia, na nilijua nyuma ya pazia kuna nani, kwa hiyo nilikaa nimeupa mlango ubavu, kama inavyotakiwa. Mwalimu alinisemea vizuri. Alisema kijana alikuwa anajifunza, kosa la mwanafunzi ni la mwalimu pia, tunaomba radhi.

Mzee Magesa alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigeukia mimi.

"Nina swali moja tu, Mabula. Ulijua ni yeye, au hukujua? Kama hukujua, hiyo ni ajali. Mbuzi tutamla, picha utaifuta hapa hapa tukiona, utachukua mkeo. Kama ulijua, ukakaa ukamtazama mzazi wako katika hali ile, basi nenda na mbuzi wako. Binti yetu hatoki hapa."

Niliwaza shuka lililotandikwa. Niliwaza chipsi. Nampenda mke wangu, jamani, nampenda sana, hata nikifoka nampenda.

"Sikujua, baba," nikasema. "Aliyekuwa mbele yangu ni mtu na koti."

Mwalimu Donatus akakohoa. Alikuwa anautazama ule mguu kwenye picha, kisha akanitazama mimi, na mzee yule amefundisha kuchora miaka thelathini. Anajua mguu wa mtu usiyemjua unachorwaje. Akavua miwani akaanza kuifuta.

"Haya. Futa," mzee Magesa akasema.

Nikafungua mfuko wangu wa rangi, nikachanganya kijivu cha mawe nikaanza kumfunika. Hakufunikika. Rangi ya chini ilikuwa mbichi kwa yale mafuta ya pamba, kila nikipitisha brashi koti linapanda juu, mgongo unarudi. Wazee wakaanza kuguna. Mwisho nilichukua kisu nikamkwangua, koti, shingo, kilemba, rangi inatoka kwa matonge naipangusia kwenye majani. Mguu niliuacha wa mwisho. Nilipokwisha kukwangua ndipo nikapaka mawe. Suzana na Loveness wakabaki wawili, na kando yao lundo.

Mbuzi akachinjwa. Nikala, kinywa changu hakisikii ladha. Generosa akatoka na begi, akasimama karibu yangu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mnada, akasema kwa sauti ya chini, "Twende, ila nyumbani tutaongea." Moyo ulinitua. Nikasema moyoni, ongea mwaka mzima mke wangu, mimi nitasikiliza.

Tukamuaga mzee Magesa. Tukafika usawa wa mlango, nikainamisha kichwa, nikasema kama kawaida, "Kwaheri, mama." Kawaida yeye hunijibu kwa kumtuma Generosa.

"Mkwe," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Wazee wakageuka. Nikasimama, macho kwenye kizingiti.

"Naam, mama."

"Nimekusikia umewaambia wazee hukujua."

"Ndiyo, mama."

"Mimi siku ile nilikuona. Nilipogeuka kutupa jiwe nilikuona, nikaona na wewe umeniona. Ukasimama. Ukachukua ndoo yako." Alikuwa anasema taratibu, bila hasira, na ni afadhali angefoka. "Nikasema ahsante Mungu, mkwe wangu ana adabu, amenitambua na anaondoka, ananisitiri. Nikainama ili nisikutazame unavyopita, na wewe usione aibu kwa ajili yangu. Mgongo uliniuma sana, mkwe. Nikasema nisiinuke mapema, tusije tukaonana uso kwa uso. Nikaendelea kukungoja upite."

Niliinamisha kichwa zaidi.

"Nikasikia ndoo inawekwa chini nyuma yangu," mama akasema.

Mzee Magesa alisimama kutoka kwenye kiti chake akaenda nyuma ya nyumba. Generosa alinitazama usoni, akaniuliza kwa midomo tu, bila sauti, ulijua? Nikatikisa kichwa kukubali, kwa sababu sikuwa na uongo mwingine. Akaliokota begi alilokuwa ameliweka miguuni, akalifunua pazia, akaingia ndani kwa mama yake.